Imewekwa na Admin

Mkono wa Loyce bado uko juu ya kipanya cha kompyuta, na Asnath bado amesimama mlangoni pa duka. Hakuna aliyesogea tangu tulipowaacha, msomaji wangu, na swali la Asnath bado halijajibiwa.

"Wewe ndiye uliyeitengeneza tovuti ya redio," alikuwa amesema. "Niambie. Mtu mwingine anaweza kuingia kwa jina lile akaandika, ikaonekana ameandika mume wangu?"

Jibu lilikuwa ndiyo. Loyce alikuwa nalo mdomoni. Lakini ukisema ndiyo, swali linalofuata ni kwa nini, na hilo ndilo aliloliogopa.

"Nitaangalia, dada," alisema.

Kama gazeti hili limekufikia leo kwa mara ya kwanza, shika haya machache. Redio Bondeni ya Korogwe husoma matangazo ya vifo kila siku kabla ya taarifa ya habari ya mchana. Matangazo huwekwa kwanza kwenye tovuti ya redio, kisha mtangazaji huyasoma hewani. Alhamisi ile Habakuki, mume wa Asnath, alisoma kwamba Mzee Yordani wa Kabuku, dereva mstaafu wa trekta katika mashamba ya mkonge, amefariki dunia. Ndugu wakafunga safari kutoka Lushoto na Muheza. Wakashuka Kabuku na unga, masufuria na maturubai, wakamkuta marehemu katikati ya michungwa yake, anapalilia.

Wapo waliocheka. Lakini kule Handeni, Bibi Mwatumu, dada yake Mzee Yordani, alikuwa anachambua mchele, redio ikiwa pembeni yake. Alianguka palepale kwenye ungo. Tangu siku hiyo yuko hospitalini, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, na mdomo umefunga.

Chini ya tangazo lile la uongo, kama chini ya kila tangazo, kulikuwa na maneno matatu: Imewekwa na admin. Na pale redioni kila mtu alijua anayeitumia hiyo admin ni Habakuki.

Sasa turudi dukani.

Asnath hakushtuka na jibu la Loyce. Alilipokea kama mtu aliyepewa maji. Akasema meneja, Erasto, ameitisha kikao alasiri ile, watu wa Kabuku na Handeni wakiwamo, na baada ya kikao suala litapelekwa polisi. Akamwomba Loyce afike tu, aseme atakachokuwa amekiona.

"Habakuki alinikataza nisije kukusumbua," akaongeza. "Anasema wewe ni mtoto wetu, kazi yako uliifanya vizuri."

Akaacha mfuko wa ndizi mbivu juu ya mashine ya fotokopi, akaondoka zake kuelekea stendi.

Loyce aliutazama ule mfuko kwa muda mrefu. Ni Habakuki aliyempigania kupata kazi ile. Erasto alitaka wataalamu kutoka Dar, Habakuki akasimama kikaoni akasema pale Masuguru kuna binti ana duka la stesheneri, amesomea mambo hayo, tumpe nafasi. Akapewa.

Na hivi ndivyo alivyoilipa nafasi hiyo.

Programu ya kutengenezea tovuti, ukiianza, humpa msimamizi jina la kuanzia, admin. Ni jina lilelile kwa kila mtu anayeianza, awe Korogwe au Ulaya. Godlisten, mwalimu wake wa chuo kule Tanga, alikuwa amemwonya wazi. Mtu anayetaka kuvunja tovuti anahitaji kujua mambo mawili, jina na neno la siri. Ukiliacha jina la admin, umeshampa moja bure. Liondoe kabla hujamkabidhi mteja, na kila mfanyakazi apewe jina lake mwenyewe.

Loyce aliitikia. Kisha siku ya uzinduzi ikafika, wageni wamekaa, Erasto ameshika kipaza sauti, na yeye akasema moyoni atalirekebisha wiki ijayo. Wiki ijayo akapata kazi ya kadi za harusi. Wiki iliyofuata akasahau. Neno la siri lenyewe lilikuwa jina la redio na masafa yake, yaleyale yaliyochorwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta unaotazama barabara kuu.

Yote hayo angeweza kujisamehe. Kuna moja hakuweza.

Mwaka jana, hapahapa dukani, Habakuki alikuwa amekuja kutoa nakala za vyeti vya mtoto wake. Akauliza, kama mtu anayepitisha muda, mbona mimi na meneja sote tunaitwa admin? Likitokea jambo, itajulikanaje ni nani? Loyce alicheka. Akamwambia ndivyo tovuti zilivyo, kaka, usijisumbue.

Naye hakujisumbua. Ndiyo maana Alhamisi ile, alipolikuta tangazo la msiba limeshawekwa, hakushangaa. Alidhani meneja, aliyekuwa safarini Tanga, ameliweka kwa simu. Akalisoma kwa sauti yake ile nzito ya misibani, na Handeni bibi mmoja akaanguka.

Loyce alivuta kiti. Mikono yake ilitaka kazi, kazi yoyote. Akajiambia mwizi anaweza kurudi, lazima mlango ufungwe. Hilo lilikuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na lingine ambalo hakujiambia: kikaoni wakimwambia afungue kompyuta, wakute nyumba imefagiliwa.

Akafanya alichopaswa kufanya siku ya kwanza. Akaunda jina jipya la msimamizi, gumu, ambalo mtu wa nje hawezi kulibahatisha. Akaliwekea neno la siri refu. Akatoka, akaingia tena kwa jina hilo kuhakikisha linafanya kazi. Likafanya. Kisha akaunda jina la Habakuki na jina la Erasto, kila mtu na lake. Mwisho akaenda kwenye admin, akabonyeza futa.

Kompyuta ikamuuliza. Kila kilichoandikwa na admin kifutwe, au apewe mtumiaji mwingine?

Akisema kifutwe, matangazo yote ya redio yanapotea, misiba ya watu, harusi zao, mikutano ya shule. Hapana. Apewe mwingine. Nani? Karibu yote aliyaandika Habakuki, mchana baada ya mchana. Loyce aliona ni haki yake. Akachagua jina la Habakuki, akathibitisha.

Admin akatoweka, na Loyce akavuta pumzi. Tangu Alhamisi alikuwa hajala ndizi wala wali ukashuka vizuri. Akakata ndizi moja ya Asnath, akaimenya, akafungua ukurasa wa matangazo kuona kama kila kitu kiko sawa.

Ndizi ikabaki mkononi.

Tangazo la kifo cha Mzee Yordani lilikuwa bado pale. Erasto alikataza lisiondolewe kwa sababu ni ushahidi, akaweka tu masahihisho kwa maandishi mekundu juu yake. Na chini yake, mahali palipokuwa na jina admin, sasa palisomeka: Imewekwa na Habakuki.

Alikuwa amelihamisha na lenyewe. Pamoja na misiba ya kweli na harusi za kweli, amemkabidhi Habakuki uongo uliomwangusha Bibi Mwatumu.

Akajaribu kurudisha. Admin hayupo tena, hawezi kurudishiwa. Akaamua kuficha kabisa mstari ule usionekane, akahangaika na mipangilio. Alipofanikiwa kuuondoa, simu yake ikatetemeka mezani. Kundi la WhatsApp la watu wa Kabuku, ambalo aliingizwa kwa sababu ya kuwachapia kadi za harusi, lilikuwa linawaka moto.

Abdulaziz, mtoto wa Bibi Mwatumu, alikuwa na tabia ya kuufungua ukurasa ule kila mara, kama mtu anayegusa kidonda. Ameukuta na jina. Ameupiga picha. Na chini ya picha ameandika: Hatimaye limejitokeza lenyewe.

Baada ya dakika chache akaweka picha ya pili, ukurasa uleule bila jina. Sasa wanalificha, akaandika.

Loyce alifunga duka.

Njia nzima kuelekea redioni alikuwa anapanga maneno. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema kuna hitilafu ya kompyuta, na watu wa umri wa Mzee Yordani huiogopa kompyuta, wangekubali. Angeweza pia kutokwenda. Alipofika ngazi za redio alisimama chini, akageuka kuondoka, akakutana uso kwa uso na Asnath anayepanda.

"Nilijua utakuja," Asnath alisema, akamshika mkono, wakapanda pamoja.

Chumba cha kikao kilikuwa ndicho chumba cha mapokezi, viti vya plastiki vimepangwa. Mzee Yordani alikuwa amekaa karibu na dirisha amevaa koti la kanisani. Loyce akamwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, mwanangu, kwa upole uliomuumiza kuliko tusi. Abdulaziz alikuwa amesimama, hakutaka kiti. Alikuwa ametoka Handeni asubuhi, amemwacha mkewe Elina kando ya kitanda cha mama. Habakuki alikuwa amekaa peke yake upande wa ukutani, mikono katikati ya magoti, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Erasto alifungua kikao kwa kuomba radhi kwa niaba ya redio. Akaeleza kwamba pale redioni neno la siri la tovuti lilijulikana kwa watu wawili tu, yeye na Habakuki, na yeye siku hiyo alikuwa Tanga. Alisema hamwiti mtu mwongo, anaeleza tu hali ilivyo.

Abdulaziz akatoa simu yake, akampa Mzee Yordani aione, kisha Erasto, kisha akaishikilia mbele ya macho ya Habakuki.

Habakuki aliitazama picha ile kwa muda. Aliinua macho akamtafuta Loyce, na macho yake yalikuwa yanauliza tu, kama ya mtu anayeomba atafsiriwe lugha asiyoijua.

Loyce akasimama.

"Jina hilo nimeliweka mimi," alisema. "Leo. Kaka Habakuki hakuandika lile tangazo."

Akawaeleza yote. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, lakini alieleza. Jina la admin ambalo dunia nzima inalijua. Neno la siri lililochorwa ukutani. Onyo la mwalimu wake. Kwamba mtu yeyote mwenye simu, popote, angeweza kujaribu mara kadhaa akaingia na kuandika anachotaka, na chini yake pangeandikwa admin, na wote wangemtazama Habakuki. Kwamba leo alitaka kurekebisha, na katika kurekebisha akamtwisha mzigo usio wake.

Kisha Erasto akauliza swali moja, kwa utaratibu.

"Hiyo admin iko wapi, tuione?"

"Nimeifuta."

"Lini?"

"Leo mchana. Baada ya dada Asnath kutoka dukani."

Erasto akafungua mikono yake miwili kwa wote, akaketi. Hakuhitaji kuongeza kitu. Abdulaziz akaongeza kwa niaba yake. Alisema huyu binti na huyu mtangazaji ni wa chungu kimoja, yeye ndiye aliyemtafutia kazi, na mke ametumwa dukani mchana kupanga maneno. Ushahidi umefutwa saa chache kabla ya kikao, halafu wanaletewa hadithi ya mwizi asiye na jina.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Siku zote zile ukweli ungemwokoa Habakuki. Umekuja siku ambayo unamzamisha.

Asnath alikuwa ameuachia mkono wa Loyce. "Nilikuja kwako kuomba," alisema polepole. "Ulikuwa unajua tayari. Ukaniambia utaangalia."

"Niliogopa, dada."

"Nami sijalala tangu Alhamisi."

Mzee Yordani alikohoa, wote wakamgeukia. Alimuuliza Loyce kama ana maana kwamba hamjui aliyetangaza kifo chake. Loyce akasema hamjui. Akamuuliza kama kuna njia ya kumjua. Loyce akasema anaweza kutafuta, lakini baada ya alichokifanya leo, njia imekuwa nyembamba zaidi.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Alizaliwa katika kambi za manamba, baba yake alikuja kukata mkonge kutoka mbali na hakurudi kwao tena. Kati ya ndugu zake wote amebaki na huyu mmoja tu, aliyeolewa Handeni akasilimu, akaitwa Mwatumu. Kila Krismasi dada humletea kuku, kila Idi yeye humpelekea sukari.

"Mimi wameniua nikarudi, sina kesi na mtu," alisema. "Lakini mwanangu, hayo maneno uliyotuambia sisi, nenda kamwambie dada yangu. Haongei, ila anasikia. Mwambie kwa mdomo wako, yeye ndiye aliyeumia."

"Nitakwenda, mzee. Nitakwenda leo hii."

"Utapanda na sisi."

Abdulaziz alitaka kukataa, lakini mjomba wake alikuwa amekwisha kuinuka, na mjomba hakatazwi. Erasto akasema suala la polisi libaki palepale, Habakuki asitoke Korogwe. Watu wakaanza kusogeza viti.

Loyce akamwendea Habakuki. Alikuwa hajui atasema nini, alijua tu kwamba hawezi kupita mlangoni bila kusimama pale. Habakuki hakumwacha aanze.

"Nilikuuliza, Loyce," alisema. Sauti ile iliyozoeleka kwenye kila jiko la wilaya ilikuwa ndogo sana. "Siku ile ya vyeti. Nilikuuliza."

"Uliniuliza, kaka."

"Nikakuamini wewe."

Loyce aliinamisha kichwa. Angeweza kupiga magoti, na labda angepiga, kama Abdulaziz asingesema kitu nyuma yake kwa sauti ambayo haikuwa ya hasira tena.

"Mjomba, njoo uone hii."

Alikuwa ameufungua ukurasa ule tena, kwa tabia yake. Juu kabisa kulikuwa na tangazo jipya ambalo halikuwapo kikao kilipoanza. Akalisoma polepole, kama mtoto anayejifunza herufi. Familia ya Bibi Mwatumu wa Handeni inasikitika kutangaza kifo chake kilichotokea alasiri hii hospitalini.

Habakuki akainua mikono yake mitupu. Simu yake ilikuwa mezani kwa Erasto tangu asubuhi. Ya Loyce ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba uko begani. Hakuna aliyekuwa ameandika chochote.

Loyce akaichukua simu ya Abdulaziz bila kuomba, akaingia kwenye tovuti kwa jina lake jipya, akaenda kwenye orodha ya watumiaji. Jina lake. La Habakuki. La Erasto. Na la nne, ambalo hakuliunda yeye, lenye mamlaka yote ya msimamizi, lililoundwa Alhamisi ileile.

Mwizi, alipoingia kwa admin, alijitengenezea jina lake mwenyewe. Mchana huu Loyce alimfuta admin, akaona amefunga mlango, na hakutazama kama kuna mtu amebaki ndani.

"Ni uongo," Mzee Yordani alisema. "Ni uongo kama wangu. Mpigie mkeo."

Wote waliamini ni uongo. Walitaka kuamini. Hata Erasto alisema wazi kwamba sasa ameelewa, huyu ni mhalifu wa nje, na Habakuki hahusiki. Asnath alishika kinywa chake kwa mikono miwili. Yale waliyokataa kumwamini Loyce kwa muda wote ule, tangazo lile limeyathibitisha kwa mara moja. Loyce hakufurahi. Alikuwa anaomba, midomo ikitembea bila sauti, kwamba mwizi wake awe mwongo kwa mara nyingine.

Abdulaziz alipiga simu, akaiweka mezani kwa sauti ya juu ili mjomba asikie. Iliita. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

Safari hii ikapokelewa.

"Elina," alisema haraka, "usishtuke, kuna mtu anachezea ile tovuti tena, ameandika upuuzi kwamba mama..."

"Nani amekuambia?" Elina aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayenong'ona asimwamshe aliyelala. "Daktari ndiyo kwanza anatoka hapa. Bado nimemshika mama mkono. Abdulaziz, sijamwambia mtu yeyote."